Jinsi ya kutengeneza waini ya shamba lenu Dodoma bila kuichezea sana (na bila kugombana nyumbani)

Mbukwenyi wadau. Hii naiandikia zile familia zenye zabibu Dodoma, iwe Hombolo, Mpunguzi, Mbabala, Bihawana, Chinangali au popote pale, ambazo kila msimu mzigo ukiiva wanahangaika na wanunuzi, bei inashuka kwa sababu kila mtu kavuna wiki hiyo hiyo, zabibu haisubiri, mwisho wa siku mnauza tu ili isiozee shambani. Najua wengi mmeshawahi kufikiria kutengeneza waini wenyewe, na wengine mnatengeneza tayari ila mnachanganya zabibu za kila mtu, sukari ya dukani, hamira ya mkate, alafu mnashangaa mbona inafanana na ya jirani na inaumiza kichwa.

Mimi naongelea waini ya aina nyingine kidogo. Zabibu za kipande kimoja cha shamba, chachu ile ile iliyokuja na zabibu, bila sukari, bila rangi, bila dawa nyingi, unaiacha iongee yenyewe ilikotoka. Wafaransa ndo wamelivumisha hili jambo kwa karne nyingi, kwamba udongo, mteremko, upepo na mkono wa mkulima vinaonekana kwenye glasi. Na Dodoma tunayo hiyo hali kabisa, ila tumezoea kuimwaga yote kwenye tangi moja la mchuzi wa zabibu linaondoka na lori.

Jambo moja muelewe kabla hatujaenda mbali, kutoichezea waini haimaanishi kukaa tu. Kazi haipungui, inahama. Inatoka kwenye makopo ya kemikali inaenda shambani, kwenye usafi, na kwenye makubaliano yenu nyie ndugu. Asiye tayari kuamka saa kumi na moja alfajiri kuvuna, au kufua ndoo mara tano kwa siku, bora aendelee kuuza zabibu tu, hakuna ubaya.

Anzeni na karatasi, sio pipa

Najua mnataka niende kwenye mapishi, lakini waini nyingi za kifamilia hazifi kwa bakteria, zinafa kwa maneno. Shamba ni la mzee, aliyelima ni kaka mkubwa, aliyetuma hela ya nguzo na waya ni dada yuko Dar, anayejua kutengeneza ni mdogo wa mwisho aliyesoma, na shangazi anadai ile mistari mitano ya mwisho ni yake tangu enzi za bibi. Hapo hata waini ikitoka nzuri ndo balaa linaanza, kwa sababu sasa kuna kitu cha kugombania.

Kwahiyo kaeni chini kabla ya kupogolea, sio baada ya kuvuna. Muandike.

Ardhi ibaki ya familia kama ilivyo, msiiingize kwenye biashara. Biashara ikodi kile kipande kwa mzee kwa bei mliyokubaliana, au inunue zabibu kwa kilo kwa bei ya soko ya siku hiyo, zinapimwa kwenye mzani na kuandikwa. Hii inaondoa kelele nyingi sana, maana aliyeleta zabibu kashalipwa kama mkulima, baada ya hapo faida ya waini ni hesabu nyingine kabisa. Anayefanya kazi kila siku apate posho yake kabla ya kugawana faida, na aliyeweka hela apate kulingana na alichoweka, msichanganye hivyo viwili. Yule wa Dar anayetuma hela kwa simu asifikiri hela inaamka usiku kubonyeza maganda, na yule wa kijijini asifikiri pipa lilijinunua.

Alafu andikeni nani ana neno la mwisho. Kwenye waini kuna maamuzi mawili hayawezi kupigiwa kura: siku ya kuvuna na siku ya kukamua. Mtu mmoja aamue, wengine wanashauri, basi. Nimeona familia wanabishana siku tatu kuhusu kuvuna huku zabibu zinazidi kuiva na ndege wanakula, sukari ikapanda, uchachu ukashuka, waini ikatoka nzito kama sharubati.

Na chupa za harusi. Usicheke, liandike hili. Kila ndugu ana haki ya chupa ngapi kwa mwaka bure, na zaidi ya hapo ananunua kwa bei gani. Bila hivyo kila kipaimara, kila send-off, kila msiba wa ukoo unaondoka na kreti, na mwisho wa mwaka stoo ipo tupu na daftari lipo tupu.

Kisheria kuna njia tatu za kawaida: jina la biashara la mtu mmoja, ubia, au kampuni. Usajili wote ni BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, na unafanyika mtandaoni. Ubia unakaa chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na ni rahisi kuanzisha ila mjue kitu kimoja, kwenye ubia deni la biashara ni deni lenu nyote, mkidaiwa wanaweza kuja mpaka kwenye ng'ombe wako hata kama aliyekopa ni kaka. Kampuni ina makaratasi mengi zaidi lakini deni linaishia kwenye kampuni. Ushauri wangu, anzeni na ubia kama mko watatu wanne mnaoaminiana na hamkopi, mkianza kufikiria benki hamieni kampuni. Na muandike mapema mtu akitaka kutoka analipwaje, kwa miaka mingapi, na akifa nafasi yake inaenda kwa nani. Hilo la mwisho watu wanaona ni uchuro, lakini mirathi imeua mashamba mengi kuliko mchwa.

Chagueni kipande, na chagueni msimu

Tembeeni shamba lote mkiwa na jembe. Chimbeni mashimo sehemu tatu nne, kina cha kufika magotini hivi. Mtashangaa, shamba moja la ekari mbili juu ni kichanga chekundu kinachopitisha maji, chini kwenye bonde ni udongo mweusi wa mbuga unaopasuka kiangazi na kushika maji masika. Mizabibu ya kule chini inakuwa na majani mengi na vichala vikubwa vyenye maji, ya juu inateseka kidogo, vichala vidogo, punje ndogo, ganda nene. Kwa kuuza kwa kilo unapenda ya chini. Kwa waini unachukua ya juu. Rangi na ladha nyingi vipo kwenye ganda, na punje ndogo ina ganda jingi kuliko maji.

Kwahiyo msifanye shamba zima mwaka wa kwanza. Chukueni mistari inayotoa kilo 300 mpaka 500, zilizobaki uzeni kama kawaida mpate hela ya kula. Kilo 100 za zabibu nyekundu zinatoa kama lita 60 mpaka 65 za waini, kwahiyo kilo 300 ni kama chupa 250 za mililita 750. Inatosha sana kujifunzia.

Aina ya zabibu, Makutupora nyekundu ndo iko kwa watu wengi, kuna Syrah kwa baadhi, na nyeupe kuna Chenin Blanc na Makutupora nyeupe. Anza na nyekundu. Nyeupe inataka ubaridi na uharaka ambao huna bado, nitaigusia mbele.

Sasa msimu. Hapa ndo Dodoma inawashinda hata wazungu. Kule kwao mzabibu unalala baridi, mavuno ni mara moja kwa mwaka, mtu hana ujanja. Sisi tuko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta, mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, kwahiyo mkasi ndo unaoamua. Ukipogolea leo, miezi minne hivi baadae unavuna. Ndo maana tunavuna mara mbili, mwezi wa pili na wa tatu, alafu tena mwezi wa nane na wa tisa.

Kwa waini ya kuacha ijiendeshe, chukua mavuno ya kiangazi, ya mwezi wa nane. Pogolea mwezi wa nne mwishoni au wa tano mvua zikishakatika. Mzabibu unakua bila mvua kuumwagia majani, ubwiri unga na ubwiri vinyoya unapungua sana, dawa unapiga kidogo, na usiku wa mwezi wa saba na wa nane Dodoma ni baridi kweli, watu wanatoa makoti, hiyo baridi inatunza uchachu kwenye zabibu na baadae inakusaidia kwenye mapipa. Mavuno ya masika uza kama zabibu za kula au tengenezea juisi. Wapo wanaotengeneza waini nzuri na za masika, sikatai, ila wana friji na maabara, wewe una ndoo.

Tahadhari moja, usiupogolee mzabibu ule ule uzae mavuno mazito mara mbili kila mwaka alafu utegemee waini ya maana. Mti unachoka. Kile kipande cha waini kipe kupumzika kwenye mavuno ya masika, kata vichala vingi vikiwa vichanga, acha vichache. Inauma lakini ndo hivyo.

Shambani

Mbolea ya samadi iliyooza vizuri mara moja kwa mwaka inatosha, ng'ombe tunao. Ukizidisha naitrojeni unapata majani. Ubwiri unga piga salfa, ubwiri vinyoya piga dawa ya kopa, zote zinakubalika hata kwenye kilimo hai, lakini salfa iache mwezi mzima kabla ya kuvuna, kwa sababu ikibaki kwenye ganda ikaingia kwenye pipa chachu inaigeuza kuwa harufu ya yai bovu. Mchwa ni wakorofi hasa kwenye nguzo na mizabibu michanga, kagua mashina, vunja njia zao za udongo kila wiki, toa magogo yaliyooza. Maji ya matone punguza pole pole zabibu zikianza kubadilika rangi, na wiki mbili tatu za mwisho mpe kidogo tu asikauke, sio ashibe.

Toa majani yanayofunika vichala upande wa jua la asubuhi ili upepo upite. Upande wa jua la mchana acha majani, jua letu la saa nane litaunguza ganda.

Siku ya kuvuna

Nunua refraktomita, kale kabomba kadogo ka kupimia sukari, ni kitu cha kwanza kabisa kununua kabla hata ya pipa. Chukua punje kutoka vichala tofauti, juu, chini, kivulini, juani, zikamue pamoja kwenye mfuko, weka tone, angalia mwangani. Kipimo chake kinaitwa briksi, yaani kiasi cha sukari kwenye juisi, na kwa nyekundu tafuta kati ya 21 na 23. Kila nyuzi moja ya briksi inakupa kama asilimia 0.55 mpaka 0.6 ya kilevi, kwahiyo 22 inakupa waini ya kama asilimia 12 hadi 13. Usikimbilie 26 ukidhani ndo utamu, chachu ya asili itachoka njiani na sukari itabaki.

Lakini namba peke yake haitoshi. Weka punje mdomoni, tafuna ganda, alafu toa mbegu uziangalie. Mbegu ya kijani inayonata na nyama ni mbichi, itakuletea uchungu. Mbegu ya kahawia, inayovunjika kwa meno na kutoa ladha kama ya karanga iliyokaangwa, hapo uko tayari. Ganda likiacha rangi kwenye vidole ujue rangi itatoka kirahisi. Uchachu uwe bado upo, mate yatoke. Kama una karatasi au mashine ya kupima pH (kipimo cha uchachu, namba ikiwa ndogo uchachu ni mkali), ukiona 3.3 mpaka 3.6 uko salama, ikipita 3.8 waini inakuwa rahisi kushambuliwa na bakteria na huko kutoichezea kunakuwa kamari.

Vuna kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa tatu asubuhi, basi. Zabibu iliyovunwa saa saba mchana inaingia kwenye pipa ikiwa moto tayari. Tumia kreti za plastiki zisizo na kina kirefu, sio viroba, kiroba kinabonyeza za chini zinaanza kuchacha njiani na nzi wadogo wanafuata. Mtu mmoja akae mezani anachambua, anatoa iliyooza, iliyokauka, majani, vidudu. Hii ndo hatua ambayo watengenezaji wengine wanairuka wakitegemea dawa itaua kila kitu, wewe huna hiyo dawa, kwahiyo mikono yenu ndo dawa. Wape kazi hii watu wasiokuwa na haraka, mama zetu wanaochambua mchele hawahitaji maelekezo.

Kianzio

Siku nne tano kabla ya mavuno yenyewe, vuna kilo tano za zabibu safi kabisa za kipande hicho hicho. Ponda kwenye ndoo safi, funika na kitambaa, koroga asubuhi na jioni. Siku ya pili ya tatu itaanza kuchemka, povu, harufu ya matunda. Bibi zetu waliopika wujimbi, pombe yetu ya kienyeji, hawakuwahi kununua hamira na walijua kwa pua tu kama kianzio kimekubali. Fanya ndoo mbili tatu tofauti, alafu nusa. Inayonukia vizuri ndo unatumia, inayonuka rangi ya kucha au siki unamwaga mbali, usiitie hata tone. Kwahiyo mavuno yakifika unamimina kile kianzio kizuri kwenye pipa na shughuli inaanza kwa kasi kabla wadudu wabaya hawajajipanga. Bado ni chachu ya shambani kwenu, umeichagua tu.

Kuponda na kuchacha

Vyombo: plastiki ngumu ya daraja la chakula au chuma cha pua. Usitumie pipa la chuma la kawaida, usitumie dumu lililowahi kubeba mafuta au rangi hata ukilifua mwezi mzima. Ndoo, mpira, mwiko, kitambaa, mikono, vyote vioshwe kwa maji ya moto. Jik usitumie kwenye vyombo vya waini, klorini inaacha harufu ya ukungu ambayo haitoki.

Toa vikonyo kwa mkono au kwa wavu wa chuma cha pua, fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kukutengenezea fremu. Ponda kwa mikono au miguu iliyooshwa vizuri, usitumie blenda, mbegu zikivunjika zinaleta uchungu usioondoka. Jaza pipa robo tatu tu, maana itapanda. Mimina kianzio. Funika na kitambaa cha kuzuia nzi.

Ndani ya siku moja mbili maganda yatapanda juu, yanatengeneza kifuniko kizito cha zambarau, ukiweka sikio unasikia kinachemka chini. Hicho kifuniko ndo kazi yako kwa wiki nzima. Asubuhi, mchana na jioni unakibonyeza chini kwa mwiko safi mpaka kilowe chote, kwa sababu kikikaa juu kikavu kinakuwa kitanda cha bakteria wa siki. Ukibonyeza taratibu, kipande kwa kipande kuanzia pembeni, juisi inapanda ikiwa na povu la pinki, alafu siku ya tatu povu linageuka jekundu zito, siku ya tano limeshaingia weusi. Onja kila siku na uandike: tarehe, saa, joto, kipimo cha haidromita (kifaa cha kuelea kinachoonyesha sukari iliyobaki), ladha. Joto likae kati ya 25 na 30, likikaribia 33 chukua hatua, kwa sababu likipita 35 chachu inaweza kufa na sukari imebaki. Chupa za maji ya barafu zilizofungwa vizuri na kuoshwa nje unazizamisha kwenye pipa, unafungua madirisha usiku, unamwagia maji gunia ulilolizungushia pipa. Mwezi wa nane usiku unakusaidia sana hapo.

Usalama, hili sio la kupita haraka. Pipa linalochacha linatoa gesi ya kabonidioksaidi, ni nzito kuliko hewa, inakaa chini, haina rangi wala harufu. Chumba kilichofungwa inaua mtu kimya kimya. Milango na madirisha wazi muda wote, usilale humo, watoto wasichezee humo, usiinamishe kichwa ndani ya tangi, na mtu akianguka ndani usimrukie bila hewa kupita, mtakufa wawili.

Haidromita ikianzia kama 1.090 itashuka kila siku. Ikifika chini ya 1.000, kwenye 0.995 hivi na ikakaa hapo siku tatu, sukari imeisha. Kukamua, wengine wanakamua siku ya tano kwa waini nyepesi, wengine wanaacha siku kumi au zaidi. Kwa kipande cha kichanga chenye ganda nene mimi napenda kukamua mapema, siku ya sita ya saba, kwa sababu jua letu limeshaweka kila kitu kwenye ganda, ukizidisha unapata chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi. Onja, ulimi ukianza kukwaruza kama umelamba ganda la ndizi mbichi, kamua leo.

Ile inayotoka yenyewe bila kubonyezwa weka chombo chake, ya kukamua weka chake. Baadae ndo mtaamua kuchanganya.

Ile nyeupe niliyosema: Chenin unaikamua saa hiyo hiyo ya kuvuna, juisi inakaa usiku mmoja sehemu ya baridi ili tope lishuke, asubuhi unahamisha ya juu tu na kuweka kianzio, na joto unataka lisizidi kama 20. Bila friji ni shida. Mwaka wa pili au wa tatu.

Baada ya hapo, muiache kweli

Hapa ndo watu wanaharibu. Waini ikishakamuliwa adui ni hewa. Chombo kijae mpaka mdomoni, na mfuniko wenye mrija unaoishia kwenye chupa ya maji ili gesi itoke na hewa isiingie. Simtanki la lita 1,000 lenye waini lita 300 ndani ni kiwanda cha siki. Bora madumu ya lita 20 yaliyojaa pomoni kuliko tangi kubwa lenye nafasi.

Baada ya wiki moja mbili tope zito litakaa chini, hamisha kwa mrija taratibu bila kurusha rusha, acha tope. Rudia tena baada ya miezi miwili mitatu. Katikati hapo utaona mapovu madogo yamerudi, usiogope wala usiweke kitu, ni bakteria wanageuza ile asidi kali ya zabibu kuwa asidi laini kama ile ya kwenye mtindi. Waini nyekundu inataka hiyo imalizike kabla ya chupa, vinginevyo itaendelea ndani ya chupa na vifuniko vitaruka.

Kuhusu chumba, acheni kujenga banda la bati alafu mnaweka feni. Tembe za wazee zina ukuta mnene wa udongo na paa la udongo, mchana ukiingia ndani unasikia tofauti. Jengeni stoo kwa akili hiyo hiyo, ukuta mnene, dari ya miti na udongo chini ya bati, mlango upande usiopigwa jua la mchana, sakafu imeshuka kidogo chini ya ardhi kama maji hayapandi. Gharama ndogo kuliko kiyoyozi na umeme ukikatika hamshituki.

Salfaiti na chupa

Salfaiti ni dawa ya kuhifadhi waini isiharibike, na kuna mabishano mengi hapa, wapo wanaosema sifuri kabisa. Mimi kwa joto letu na kwa waini itakayosafiri kwenye buti la basi mpaka Dar siungi mkono sifuri kwa anayeanza. Weka kidogo sana, mara moja, kabla ya chupa. Hata Ufaransa, mwaka 2020 walipokubali rasmi alama ya waini ya njia ya asili, masharti ni zabibu za kilimo hai zilizovunwa kwa mkono, chachu ya asili, na ipo nafasi ya salfaiti isiyozidi miligramu 30 kwa lita. Hesabu: lita 100 kwa miligramu 30 ni gramu 3. Lakini ile potasiamu metabisalfaiti ya unga inatoa kama asilimia 57 tu ya uzito wake, kwahiyo unapima kama gramu 5.2 kwa mzani wa dijitali, sio kijiko, unayeyusha kwenye waini kidogo alafu unachanganya. Usivute ule unga puani, na mwenye pumu akae mbali. Na kwenye lebo uandike kwamba ina salfaiti.

Hakuna kuchuja, hakuna kusafisha kwa ute wa yai. Itakuwa na tope kidogo chini ya chupa, mwambie mteja mapema asije akadhani imeharibika. Chupa mpya au zilizofuliwa na kuchemshwa, kizibo kipya, zimejaa, zimelazwa stoo. Iache angalau miezi sita, inayokamuliwa mwezi wa nane usiiuze Krismasi ya mwaka huo hata kama mnadaiwa.

Vibali na kuuza

Kabla ya kuuza hata chupa moja, TBS (shirika la viwango) wakague jengo na bidhaa, mpate alama ya ubora, leseni ya pombe kutoka halmashauri, na TRA (mamlaka ya mapato) kwa ushuru wa bidhaa na stempu za kielektroniki. Waini yenye zabibu za ndani zinazozidi asilimia 75 ina kiwango cha ushuru cha chini kuliko ya nje, kwahiyo risiti na daftari la mizani la zabibu zenu litunzeni vizuri. SIDO wanasaidia wajasiriamali wadogo kwenye mafunzo na vifungashio, na kituo cha utafiti cha TARI Makutupora ndo watu wa kuwafuata kwa miche safi na magonjwa ya mizabibu, wapo hapo hapo Dodoma, nendeni na swali mkononi na kichala chenye tatizo.

Nanenane pale Nzuguni ni sehemu nzuri ya kuonjesha, ila mjue wateja wetu wengi wamezoea Dompo na waini tamu, ukimpa kavu atakunja sura. Usibadilishe waini kumfurahisha. Mpe na kipande cha mbuzi choma, subiri, alafu muulize tena. Wengine hawatapenda na ni sawa, chupa 250 hazihitaji nchi nzima, zinahitaji mgahawa mmoja wa Dodoma mjini, hoteli mbili za Dar au Zanzibar, na wageni wanaopita shambani.

Kwenye lebo andikeni kijiji, jina la kipande kama mnavyokiita nyumbani, aina ya zabibu, na mwezi wa mavuno pamoja na mwaka, maana huku mwaka mmoja una mavuno mawili na sio kitu kimoja. Na katika kila pipa chupa kumi na mbili zisiuzwe. Fungueni moja moja kila baada ya miezi mitatu, mkiwa wote, ya kipande cha juu na ya kipande kingine mkiwa mmeshajaribu, pembeni ya lile daftari la joto na tarehe. Hapo ndo mtajua mwezi wa nne mkasi uanzie mstari upi.